MWALIMU NA MCHUNGUZI: HISTORIA YA SOMO LA KISWAHILI KATIKA SHULE NA VYUO VYA KENYA

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, neno chuo lilikuwa na maana mbili zilizokaa pamoja. Chuo kilikuwa kitabu, na chuoni palikuwa mahali pa kusomea. Kutokana na neno hilo likapatikana mwanachuoni, yaani mtu aliyesoma akabobea, ambaye kwa desturi hakutengana na vitabu wala na wanafunzi. Alinakili maandishi, akayasahihisha, akayafasiri, kisha akayafundisha. Hapakuwa na jina moja kwa mwenye kuchunguza na jina jingine kwa mwenye kufundisha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hizo mbili zilivyotenganishwa wakati wa ukoloni, jinsi zilivyojaribu kurudiana baada ya uhuru, na athari za utengano huo kwa somo la Kiswahili nchini Kenya. Kwa kawaida historia ya somo hili huelezwa kwa kutaja ripoti za tume na amri za serikali. Ripoti na amri hizo zina umuhimu wake, na zitatajwa. Lakini ukizifuata peke yake huwezi kueleza kwa nini somo lilisimama wakati mmoja na kuyumba wakati mwingine. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba somo hili lilipata nguvu pale mwalimu na mchunguzi walipokuwa mtu mmoja, au angalau walipokaa karibu kiasi cha kusikilizana.

Wanavyuoni wa Mvita na Amu

Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa wakati wa utawala wa Wamazrui, ulioangushwa na Seyyid Said mwaka 1837. Alifariki yapata mwaka 1840. Sehemu kubwa ya mashairi hayo ilibaki vifuani mwa watu wa mji, na kwa kuwa yalihusu vita, siasa na mambo ya kila siku ya Mvita, maana yake ilianza kufifia kadiri waliokumbuka matukio hayo walivyopungua. Aliyeyaokoa kwanza ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa aliyeijua lugha ya mji na mambo yake. Yeye ndiye aliyefanya kazi pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880, katika kuyakusanya mashairi hayo na kuyaeleza.

Kazi ya Sikujua ni kazi ya uchunguzi kwa kila kipimo. Kutafuta shairi kwa waliolihifadhi, kuliandika, na kueleza neno lililochakaa na tukio lililokusudiwa, ndizo hatua zile zile zinazofundishwa leo katika vyuo vikuu kwa wanaohariri matini za kale. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mtu huyo aliitwa Mwalimu na watu wa mji wake, na jina hilo halikuonekana kuwa pungufu kwa kazi aliyoifanya.

Hali kama hiyo ilikuwapo Lamu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulikuwa fundisho la mama kwa binti yake kabla haujawa matini ya wataalamu. Ulisomwa majumbani na kunakiliwa kwa mkono. Baadaye Muhamadi Kijumwa, mwandishi hodari wa hati za Kiarabu na mshairi wa Lamu, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wachunguzi wa Kizungu, na miswada hiyo ikaenda kukaa katika maktaba za Ulaya. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934, na Hichens akachapisha Al-Inkishafi mwaka 1939.

Karatasi za Taylor nazo ziliishia London. Kutokana nazo Hichens alitayarisha Diwani ya Muyaka, iliyotolewa mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg. Hivyo, miaka mia moja hivi baada ya Muyaka kufariki, kijana wa Mombasa aliyetaka kumsoma mshairi wa mji wake katika kitabu kilichochapishwa alilazimika kutafuta kitabu kilichotayarishwa Uingereza na kupigwa chapa Afrika Kusini. Wageni hao wanastahili shukrani, kwani bila wao mengi yangepotea. Hata hivyo, matokeo ya uchunguzi yalikwenda mbali na shule za mahali ulipofanyika.

Kamati na shule

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamati hii ilipewa kazi ya kusawazisha tahajia, kuidhinisha vitabu vya shule na kutayarisha kamusi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1935, na kamusi za Kiswahili na Kiingereza mwaka 1939.

Faida ya kazi hiyo haikanushiki. Kitabu kimoja kiliweza kusomwa Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda, na mwalimu wa Nyanza akaweza kutumia tahajia ile ile aliyotumia mwenzake wa Tabora. Lakini uamuzi huo ulikuwa na gharama, na Kenya ndiyo iliyoilipa zaidi. Mashairi na tenzi zilizokuwa hazina kuu ya fasihi ya Kiswahili upande wa Kenya yalitungwa kwa Kimvita na Kiamu. Wamisionari wa Mombasa, tangu Krapf aliyefika huko mwaka 1844, walikuwa wameandika kwa lahaja ya hapo. Kiunguja kilipofanywa kipimo cha vitabu vya shule, lugha ya darasa ilitengana na lugha ya fasihi hiyo. Mwanafunzi alifundishwa Kiswahili, lakini mashairi bora ya nchi yake yakawa nje ya kipimo cha usahihi alichopewa. Hata mtoto wa Mombasa mwenyewe aliweza kusahihishwa kwa neno alilolirithi kwa mama yake.

Isitoshe, katika miaka yake ya mwanzo Kamati haikuwa na mwanachama Mwafrika. Watu wa aina ya Sikujua na Kijumwa walihitajika wakati wa kukusanya, lakini hawakukaa kwenye meza ya kuamua kitabu gani kifae shule. Hapo ndipo utengano ulipokamilika. Uchunguzi ulikuwa kazi ya katibu na wataalamu wake, na ufundishaji ukawa kazi ya mwalimu wa shule aliyepokea kitabu kilichokwisha kupigwa muhuri wa idhini. Mwalimu huyo hakutarajiwa kuuliza kilitoka wapi.

Somo lisilotahiniwa

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mpango mpya wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianzishwa katika baadhi ya shule za Kenya. Uhuru ulipopatikana mpango huo uliendelezwa. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Ominde, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na ikapendekeza Kiswahili kifundishwe kama somo katika shule za msingi. Lakini somo hilo halikutahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi.

Athari ya jambo hili dogo ilikuwa kubwa. Mtihani ndio uliokuwa mlango wa shule ya upili, na nafasi katika shule hizo zilikuwa chache. Mzazi, mwalimu mkuu na mwanafunzi mwenyewe walijua ni masomo gani yaliyofungua mlango huo. Kipindi cha Kiswahili kikawa rahisi kuazimwa na somo jingine, na kikiazimwa hakirudishwi. Somo lisilokuwapo mtihanini, na ratibani ni kama halipo.

Mambo haya yalikwenda sambamba na sifa nyingi alizopewa Kiswahili majukwaani. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Kenyatta aliamuru kwamba Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge, ingawa sheria zenyewe ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo ikawa mbunge anatakiwa kuhutubia kwa lugha ambayo mtoto wa mpiga kura wake angeweza kumaliza shule ya msingi bila kutahiniwa hata sentensi moja ya lugha hiyo.

Hoja ya mwaka 1968

Katika mazingira hayo ndipo ulipozuka mjadala mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walidai kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi na lugha, na kwamba fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo. Waliipa fasihi simulizi nafasi kubwa, na Kiswahili wakakitaja miongoni mwa lugha zilizostahili kufundishwa.

Mjadala huo ulizaa matunda. Idara ya Fasihi ilichukua mahali pa Idara ya Kiingereza, na mwezi wa Septemba 1974 walimu wa shule na wa chuo kikuu walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Mkutano huo unastahili kukumbukwa na kila mwalimu wa sanaa, kwa sababu waliokaa pamoja walikuwa wale wanaochunguza na wale wanaofundisha. Maamuzi yake hayakuingia shuleni mara moja, lakini fasihi simulizi hatimaye ilipata nafasi katika muhtasari wa shule za upili.

Pamoja na mafanikio hayo, palibaki kasoro ambayo Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuieleza kwa ukali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuondoa ukoloni akilini. Afrika iliwekwa katikati, lakini iliendelea kuelezwa kwa Kiingereza. Idara ya Fasihi ilifundisha kwa Kiingereza, na fasihi ya Kiswahili ikakaa katika Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika. Mwanafunzi aliyesoma riwaya ya Kiafrika katika chumba kimoja hakulazimika kukutana na Muyaka katika chumba cha pili.

Tofauti na Dar es Salaam ilikuwa dhahiri. Kamati ya mwaka 1930, baada ya kuhama mara kadhaa, ilikuwa imegeuzwa mwaka 1964 kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili huko Dar es Salaam, ambacho baadaye kilijulikana kama TUKI. Mwaka 1970 ikaanzishwa Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na idara hiyo ikafundisha kwa Kiswahili. Mhadhiri anayetakiwa kueleza muundo wa sentensi kwa Kiswahili, mbele ya wanafunzi wanaongoja, hawezi kukwepa swali la istilahi. Lazima aitafute, aiunde au aiazime, na kesho yake aitetee. Kwa njia hiyo ufundishaji ulisukuma uchunguzi, na uchunguzi ukarudi darasani kwa sura ya vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na kamusi ya isimu na lugha ya mwaka 1990 zilitokana na mazingira hayo, na shule na vyuo vya Kenya vilifaidika nazo. Nairobi kwa upande wake ilifundisha sehemu kubwa ya isimu kwa Kiingereza. Mhitimu wake alipokwenda kufundisha shule ya upili, alitakiwa kutafsiri peke yake, ubaoni, yale aliyofundishwa kwa lugha nyingine.

Walioziunganisha kazi mbili

Lingekuwa kosa kudhani kwamba hapakuwa na kazi ya maana nchini Kenya katika miaka hiyo. Ilikuwapo, na wengi wa walioifanya walikuwa watu wa pande zote mbili. Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa alikuwa mwalimu wa shule. Alihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971, akiifungua kwa maelezo ambayo mwalimu wa bara angeweza kuyatumia bila kuishi Mombasa. Pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanzania aliandika Historia ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1977, wakati waandishi wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Umuhimu wa kitabu hicho hauko katika kila hoja yake, kwani baadhi yake imepitwa na uchunguzi wa baadaye. Umuhimu wake ni kwamba asili ya Kiswahili ilijadiliwa kwa Kiswahili na wenye lugha, katika kitabu ambacho mwanafunzi aliweza kukisoma.

Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu alikuwa mfano mwingine. Alizaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, na elimu yake haikutokana na chuo kikuu. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza uundaji wa jahazi la Lamu, na ndani yake yamehifadhiwa maneno ya ufundi ambayo kamusi za shule hazikuyajua. Neno runinga, linalotumiwa sasa na watangazaji wa Kenya, linahesabiwa kuwa lake. Wachunguzi wengi wa ndani na wa nje walikaa miguuni pake. Katika maana ya zamani ya neno, yeye alikuwa mwanachuoni kamili.

Mohamed Hassan Abdulaziz aliifanya kazi hiyo kutokea chuo kikuu. Kitabu chake juu ya Muyaka, kilichotolewa Nairobi mwaka 1979, kilirudisha nchini mashairi yaliyokuwa yamesafiri hadi London na Johannesburg. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza, na hilo linaonyesha hali ya wakati wenyewe. Lakini mashairi yalichapishwa kwa lugha yake, na mwenye kuyaeleza alikuwa mwalimu wa chuo kilichokuwa kikitoa walimu wa shule za Kenya. Sikujua na Abdulaziz walitenganishwa na miaka tisini hivi, na kazi yao ilikuwa moja.

Mageuzi ya mwaka 1985

Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na litahiniwe. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilifungua njia ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza Januari 1985. Kiswahili kikatahiniwa mwishoni mwa elimu ya msingi mwaka huo huo, na mtihani wa kwanza wa shule za upili chini ya mfumo huo ukafanywa mwaka 1989. Kwa mara ya kwanza kila mtoto wa shule wa Kenya, awe wa Turkana, wa Busia au wa Kwale, alikuwa na haja ya Kiswahili aliyoweza kuieleza kwa mzazi wake.

Mageuzi haya yalifanya kwa miaka michache kile ambacho hotuba za miaka ishirini hazikukifanya. Wachapishaji walipata soko, waandishi wakapata wasomaji, na vyuo vikuu vipya vya Moi na Kenyatta vikapata wanafunzi wa Kiswahili kwa wingi. Hata hivyo, mtihani ulifika kabla ya mwalimu. Shule nyingi zilimpa somo hilo mtu yeyote aliyesadikiwa kukijua Kiswahili, na pengine sababu pekee ilikuwa kwamba alizaliwa pwani. Tena Kenya iliingia katika mageuzi hayo bila chombo cha taifa kama Baraza la Kiswahili ambalo Tanzania ilikuwa imeliunda mwaka 1967.

Utupu huo ulijazwa na mtihani wenyewe. Mwongozo wa kitabu kilichoteuliwa ukawa na wasomaji wengi kuliko kitabu chenyewe. Wahusika, dhamira na tamathali zikaorodheshwa tayari kwa kukaririwa, na shairi likawa kitu cha kuhesabiwa vina na mizani kabla ya kuulizwa linasema nini. Lawama haifai kumwangukia mwalimu peke yake. Mwalimu aliyepewa wanafunzi wengi na mtihani mmoja, na asiyepewa uchunguzi wowote wa kumtegemeza, hufanya analoweza. Utengano ulioanza mwaka 1930 ulikuwa umerudi kwa mlango mwingine. Zamani mwalimu alipokea kitabu chenye muhuri wa Kamati. Sasa alipokea majibu.

Hapa napo pana watu waliokataa utengano huo. Baadhi ya wahadhiri walishika kalamu wakaandikia shule. Kithaka wa Mberia, mhadhiri wa isimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitunga Kifo Kisimani, tamthilia iliyokuja kuteuliwa kwa shule za upili. Kazi kama hizo zilimkumbusha mwalimu kwamba chuo kikuu kinaweza kuzungumza naye kwa lugha anayofundishia.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya. Mtihani wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 1985 ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtalaa mpya umechukua nafasi ya ule wa 8-4-4 hatua kwa hatua. Kila mabadiliko ya namna hii huleta tena swali la zamani, nalo ni nani atakayeamua kinachofundishwa, na kwa elimu gani.

Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kwamba sheria hulipa somo wanafunzi, na mtihani hulipa muda katika ratiba. Lakini vyote viwili haviwezi kumpa mwalimu kitu cha kufundisha. Hicho hutokana na uchunguzi, na uchunguzi usiomfikia mwalimu hukaa katika maktaba za mbali kama mashairi ya Muyaka yalivyokaa. Hapana budi basi mwalimu wa shule ahesabiwe kuwa mwenye haki ya kuchunguza. Yeye ndiye aliye karibu na bibi anayejua hadithi, na fundi anayejua majina ya mbao za jahazi, na mtoto anayeleta darasani neno lisilokuwamo katika kamusi. Kadhalika mhadhiri ahesabu kitabu cha shule kuwa kazi ya heshima, isiyopungukiwa na makala ya kitaalamu. Mwalimu Sikujua hakuwa na idara wala jarida, lakini alilijua jambo hili: kwamba shairi likikosa wa kulieleza kwa wanaofuata, hufa hata kama limeandikwa.